Yairo Hakungoja Sikukuu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili lina siku mbili ambazo mimi siwezi kuzitenganisha. Tarehe 11 Februari Kanisa linamkumbuka Bikira Maria wa Lurdi, na siku hiyo hiyo ni Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992 na ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Siku nne baadaye, tarehe 15 Februari, ulimwengu unawakumbuka watoto wenye saratani. Siku ya kwanza mnaifahamu, maana huwa tunawapaka wagonjwa mafuta matakatifu na akina mama wa WAWATA hupita vitandani na sabuni na sukari. Siku ya pili wengi wetu hatuifahamu. Mimi mwenyewe sikuifahamu mpaka nilipofundishwa na mtoto mmoja wa miaka saba, na somo lile lilinigharimu aibu ambayo leo naiweka mbele yenu kama toba.

Jina la mtoto yule sitalitaja. Mungu analijua, na mama yake analijua, yatosha. Ilikuwa miaka mingi iliyopita, katika parokia nyingine niliyotumikia huku huku Kanda ya Ziwa. Alikuwa katika darasa la mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, msichana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye katekista alilazimika kumwambia mara kwa mara apunguze kuimba ili wengine nao wasikike.

Jumatano ya Majivu mama yake aliona shavu la kulia limevimba kidogo. Alidhani ni jino. Nani kati yetu asingedhani ni jino? Akampeleka zahanati, akapewa dawa ya malaria kwa kuwa alikuwa na homa, na dawa nyingine ya kukausha usaha. Uvimbe haukupungua. Jino likaanza kucheza, wakaling'oa. Likacheza la pili, nalo wakaling'oa. Majirani wakasema hilo si jino tena, hilo ni jambo la kutupiwa. Bibi wa upande wa baba akampeleka kwa mtaalamu wa kienyeji, akachanjwa chale tatu shavuni na kupakwa unga mweusi. Kisha wakarudi zahanati, wakapewa chupa ya pili ya dawa ile ile. Hapo zilikuwa zimepita siku 23.

Ijumaa ya juma la tatu la Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, mama yule alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mtoto alikuwa mgongoni, ijapokuwa alikuwa mkubwa wa kubebwa mgongoni. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri." "Milele, Amina, mama." Akamgeuza ili nimwone. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kusukumwa juu. Mama akaniambia kwamba mganga wa zahanati sasa ameandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa Mwanza, ila nauli hana, na Mwanza hamjui mtu.

Sikumfukuza. Ningalimfukuza, labda dhambi yangu ningaliitambua mapema zaidi. Nilimhurumia kwa moyo wote. Niliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, nikasali, nikampa fedha kidogo ya maziwa, nikamwambia maneno haya ninayoyakumbuka neno kwa neno: "Mama, tumalize kwanza Pasaka. Jumatano ya Oktava nitakwenda Mwanza na gari, nitawachukua wewe na mtoto." Nilikuwa na vigango tisa vya kuungamisha kabla ya Juma Kuu. Nilikuwa na wakatekumeni wa kubatizwa katika kesha. Nilikuwa na kwaya mbili zilizogombana. Mama alipiga goti, akashukuru, akaenda zake akiwa na furaha kwamba Padri ameahidi.

Nilitimiza ahadi. Jumatano ya Oktava ya Pasaka nilikwenda nao. Kutoka Ijumaa ile hadi Jumatano ile ni siku 26. Nimezihesabu mara nyingi usiku. Zahanati, majirani, bibi na mtaalamu wa kienyeji, wote kwa pamoja walimchelewesha mtoto siku 23. Mimi, Padri wake, nilimchelewesha peke yangu siku 26.

Tulipofika, daktari hakukawia. Alitazama mdomoni, akagusa tumbo ambalo nalo lilikuwa limeanza kujaa, akatutazama kwa namna ambayo sitaisahau. Alikata kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, lakini alikuwa ameshajua. Ilikuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Aliniita pembeni akanieleza kwamba huo ni miongoni mwa vivimbe vinavyokua kwa kasi kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Nilimuuliza kama kuna dawa. Akasema, "Padri, dawa ipo. Ugonjwa huu unaisikia dawa kuliko saratani nyingi. Tatizo ni kwamba umefika figo."

Sikuthubutu kumuuliza kama siku 26 zingeleta tofauti. Naye, kwa huruma, hakuniambia.

Dawa ilianzwa. Shavu lilianza kunywea kwa muda wa siku chache tu, mpaka tukaanza kutumaini. Lakini figo hazikuweza. Nilirudi kumwona mwishoni mwa juma la pili. Kwa kuwa alikuwa katika hatari ya kufa, na kwa kuwa aliweza kunieleza bila kusita yule aliyemo ndani ya hostia ni nani, nilimpa Komunyo yake ya Kwanza pale kitandani: chembe ndogo kama punje ya mtama, kwa kijiko cha maji, maana mdomo haukufunguka zaidi. Hakuwa na gauni jeupe. Alifariki alfajiri iliyofuata.

Njiani tukirudi na jeneza nilishindwa kujizuia nikalia. Mama yule aliyekaa nyuma akaniambia, "Usilie, Padri. Wewe uliahidi na ukatimiza." Ndugu zangu, nimewahi kutukanwa na nimewahi kusingiziwa. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama shukrani ile.

Tangu hapo nimejitahidi kuuelewa ugonjwa huu, maana mchungaji asiyejua mbwamwitu anafananaje hawezi kulinda zizi. Nawashirikisha machache niliyojifunza.

Kwanza, ugonjwa uliomchukua mtoto yule una historia ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Wengi wangetibu na kupita. Yeye alijiuliza kwa nini. Mwaka 1958 aliandika juu ya vivimbe hivyo, na mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, alifunga safari ya gari pamoja na madaktari wenzake wawili, takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: je, mnawaona watoto kama hawa? Aligundua kwamba ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye mbu na malaria nyingi. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi katika seli za uvimbe huo. Tena katika miaka hiyo hiyo ya 1960 ilionekana kwamba watoto wa Uganda na Kenya wenye ugonjwa huu waliweza kupona kwa dawa tu, jambo lililoushangaza ulimwengu wa tiba. Yaani matumaini ya kutibu saratani kwa dawa yalikuzwa na watoto wa kandokando ya ziwa letu. Na bado, zaidi ya miaka 60 baadaye, watoto wa kandokando ya ziwa lile lile wanakufa kwa kuchelewa.

Pili, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, tangu wachanga hadi wa miaka 19, wanapata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Someni tena tarakimu hizo, wapendwa. Watoto ni wale wale na ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni mahali mtoto alipozaliwa na siku alipofikishwa kwa mtu anayejua. Mwaka 2018 Shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona. Miaka iliyobaki ni michache. Katika sababu zinazotajwa za vifo hivi, ya mbele ni ugonjwa kutotambuliwa, au kutambuliwa vibaya, au kutambuliwa kwa kuchelewa.

Tatu, na hili naomba kila mzazi alisikie: saratani nyingi za watoto hazina sababu inayojulikana. Hazitokani na dhambi ya mama, wala mkosi wa ukoo, wala kijicho cha jirani. Wanafunzi walipomwuliza Bwana kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alilikataa swali lenyewe. Nasi tulikatae. Mama anayeogopa kunyoshewa kidole humficha mtoto ndani, na mtoto anayefichwa ndani haonwi na daktari.

Kwa nini basi tunachelewa? Ni rahisi kusema ni umaskini, na ni kweli. Hata pale ambapo mtoto amesamehewa ada, basi halijamsamehe nauli, wala mama lishe hajamsamehe sahani ya wali, na wale watoto wanne waliobaki nyumbani hawajasamehewa njaa. Matibabu ya saratani ni ya miezi, na wapo wazazi wanaoyaacha katikati, wakiona uvimbe umenywea na shamba linawangoja. Lakini umaskini hauelezi yote. Tunachelewa pia kwa sababu saratani ya mtoto ni nadra, na hujivika nguo za magonjwa ya kila siku. Homa inaitwa malaria. Uvimbe unaitwa jino au tezi. Tumbo kubwa linaitwa bandama au minyoo. Mhudumu wa zahanati anayeona watoto 60 kwa siku anaweza kufanya kazi miaka mingi pasipo kukutana na saratani ya mtoto hata mara moja, basi huyu wa leo atamtambuaje? Simhukumu. Kosa si kutoa dawa ya malaria mara ya kwanza. Kosa ni kuitoa mara ya pili na ya tatu ilhali mtoto hajabadilika. Na hata mashaka yakiingia, jibu la uhakika huhitaji kipande cha nyama kichukuliwe, kisafirishwe na kusomwa na mtaalamu wa patholojia, na wataalamu hao ni wachache mno kwa nchi kubwa kama yetu.

Tena, ndugu zangu, tunachelewa kwa sababu ya dini. Naandika hili nikiwa padri. Wapo wanaozunguka na mtoto kutoka mkesha mmoja wa maombi hadi mwingine, na kila mahali wanaambiwa waongeze imani. Na wapo kama mimi, ambao hatuzuii hospitali, twaiheshimu, lakini tunaipangia foleni nyuma ya ratiba zetu takatifu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa maana naye ameumbwa na Bwana, na dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Bwana. Mwenye hekima huyo hakuweka majuma manne kati ya sala na tabibu.

Hapo ndipo Injili ya Yairo inaponihukumu na kuniponya. Mnaikumbuka katika Marko, sura ya 5. Yairo ni mkuu wa sinagogi. Ni mtu wa ratiba kama mimi, mwenye sala za kuongoza na wazee wa kupatanisha. Binti yake wa miaka 12 yu mahututi. Yairo hasemi nimalize kwanza Sabato hii. Anaacha sinagogi lake, anakwenda ufukweni penye umati, anaanguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote na kusihi sana. Cheo chake amekisahau. Kinachomkimbiza ni mtoto.

Yesu anafuatana naye. Halafu njiani anasimama. Kuna mwanamke ameugua miaka 12, amemaliza mali yake yote kwa matabibu bila nafuu, naye amegusa vazi. Yesu anasimama, anauliza nani amenigusa, anamsikiliza mama yule hadithi yake yote. Mnaweza kuuwazia moyo wa Yairo wakati ule? Kila neno la yule mama ni pumzi ya binti yake. Na kweli, wakati Yesu bado anasema, wanafika watu wa nyumbani na habari kwamba mtoto amekwisha kufa.

Kwa muda mrefu nilijificha katika kisa hicho. Nilijiambia: hata Bwana alichelewa. Naye alikuwa na watu wengine wa kuhudumia njiani. Mimi nami nilikuwa na vigango tisa. Ilinichukua miaka kuuona uongo uliomo humo. Bwana aliweza kuchelewa kwa sababu alikuwa na uwezo wa kumshika mkono binti aliyekufa na kumwinua. Mimi sina. Mimi mkono wangu unaweza tu kumshika aliye hai na kumfikisha kwa daktari. Kuchelewa kwake si ruhusa ya kuchelewa kwangu. Yeye ambaye ni Bwana wa mauti alifuatana na Yairo mara tu alipoombwa. Na siku za Sabato, walipomlaumu kwa kuponya, aliwakumbusha kwamba hata wao humfungua ng'ombe wao na kumpeleka kunywa maji. Juma Kuu langu lilikuwa na nafasi ya kufungua ng'ombe. Gari la parokia, katika zile siku 26, lilikwenda mjini mara mbili kuchukua divai na mishumaa ya Pasaka.

Nilikwenda kuungama. Niliondolewa dhambi, nasadiki. Padri mzee aliyenisikiliza hakunipa rozari nyingi. Malipizi aliyonipa ni kwamba nirudi kwa mama yule nimwambie ukweli.

Nikaenda. Nilimkuta anapeta mchele. Nilimwambia yote: kwamba ningeweza kumpeleka siku ile ile, kwamba gari lilikwenda bila yeye. Alinyamaza mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Nilijua, Padri. Niliona gari likipita." Akaendelea na ungo wa pili. Sikujua kama nimesamehewa, wala sikuwa na haki ya kuuliza.

Yapata miaka miwili baadaye, saa tatu ya usiku, mama huyo huyo alibisha mlango wa nyumba ya mapadri. Alikuwa ametoka kusali katika jumuiya ndogondogo, nyumbani kwa kijana mmoja na mkewe. Umeme ulikuwa umekatika, mtu akawasha tochi ya simu, mwanga ukampiga usoni mtoto wao wa kiume wa miaka miwili, na ndani ya mboni ya jicho moja kukang'aa weupe kama jicho la paka. Watu walicheka, wakasema mtoto ana jicho la paka. Yeye hakucheka. Katika zile wiki mbili alizomlaza binti yake wodini, kitanda cha jirani kilikuwa na mtoto mwenye jicho kama lile, na mama wa mtoto yule alikuwa amemwambia: lilianza kwa kung'aa hivi, na sisi tukacheka.

"Padri," akaniambia, "gari lipo?"

Gari lilikuwepo. Tuliondoka alfajiri.

Ilikuwa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano. Ilikuwa bado imo ndani ya jicho. Madaktari walisema jicho lile haliwezi kuokolewa, lakini mtoto anaweza, iwapo litatolewa mapema. Baba yake alikataa. Alisema hawezi kumrudisha kijijini mtoto aliye chongo, afadhali waende kuombewa. Nilimsihi kwa maneno yote ya seminari na hakusikia hata moja. Mama yule ndiye aliyetoa kwenye kanga yake picha ndogo ya pasipoti, akaiweka gotini pa yule kijana. "Mwanangu, mimi nina picha," akamwambia. "Wewe utakuwa na mtoto." Kijana aliitazama muda mrefu, kisha akaweka sahihi.

Mtoto yule leo yuko shuleni. Ana jicho moja zima na jingine la bandia, na nasikia ni mlinda mlango hodari kuliko wenye macho mawili.

Wapendwa, sikuandika haya ili mlie. Naandika ili tuzijue dalili. Jicho la mtoto likionyesha weupe ndani ya mboni, hasa katika mwanga wa tochi au picha ya simu, au likianza makengeza mapya, au kutokeza nje, msingoje. Uvimbe wa taya, shingo au tumbo, hata usipouma, msiukande, msiuchanje, msiubonyezebonyeze, mpelekeni. Wamama, mnapowaogesha watoto, mikono yenu ndiyo kipimo cha kwanza. Uvimbe wa figo mara nyingi hugunduliwa na mama akiwa na sabuni mkononi. Homa isiyokoma, viganja vyeupe, michubuko isiyo na sababu, damu ya puani au kwenye fizi isiyoisha, maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku au kumfanya achechemee, kichwa kinachouma asubuhi pamoja na kutapika au kupepesuka: haya mara nyingi si saratani, namshukuru Mungu. Lakini dawa ya kawaida ikitumika kwa uaminifu na isisaidie, msikubali chupa ya pili ya dawa ile ile. Ombeni kwa heshima, "Daktari, tafadhali, twaomba rufaa." Si utovu wa adabu. Mwanamke Mkananayo alimsihi Bwana hata wanafunzi wakachoka naye, na Bwana akaisifu imani yake.

Mahali pa kuwapeleka papo. Muhimbili, Dar es Salaam, wanatibu watoto wenye saratani. KCMC, Moshi, vivyo hivyo. Nasi wa Kanda ya Ziwa tuna Bugando, hospitali iliyo chini ya Baraza letu la Maaskofu. Si mbali kama tunavyodhani. Aghalabu kinachotutenga nayo ni nauli na hofu.

Kwa sababu hiyo, katika parokia hii tumeweka kisanduku kidogo karibu na sanamu ya Bikira Maria, kilichoandikwa "Nauli". Fedha yake haijengi, hainunui vyombo vya muziki, wala haikopeshwi. Ni nauli ya mtoto mwenye barua ya rufaa na mzazi wake, pamoja na chakula chao cha siku za mwanzo. Maana hata Bwana, baada ya muujiza mkubwa wa kumwinua binti Yairo, jambo aliloagiza ni kwamba apewe chakula. Ufunguo anao mwenyekiti wa WAWATA, si mimi. Na ipo kanuni moja ambayo halmashauri ya walei iliipitisha kwa ombi langu: barua ya rufaa ya mtoto haingoji sikukuu. Ikiletwa Ijumaa Kuu wakati wa Mateso, inaondoka Ijumaa Kuu. Ikiletwa nikiwa altareni, katekista haniulizi. Anachukua ufunguo wa gari.

Kama kati yenu yupo aliyempoteza mtoto, na moyo wake unamshtaki kwamba alichelewa, namwambia kama mwenzake katika safari hiyo: kabidhi siku zako kwa Mungu kama nilivyozikabidhi siku zangu 26. Yeye peke yake anaweza kumshika mkono binti yetu na kumwambia ainuke, nasi twaungoja ufufuo huo. Huku tunaungoja, tusiwakawize watoto walio hai.

Tusali. Ee Bwana, uliyeacha umati ufukweni ukafuatana na baba mwenye binti mgonjwa, uwape wazazi wetu macho ya kuona mapema, uwape waganga wetu unyenyekevu wa kusema sijui, mpeleke mbele. Nasi wachungaji wako utuondolee shughuli zinazotufanya tupite na gari tupu. Uwapokee watoto wote waliotangulia kabla ya siku zao, na wale waliomo wodini usiku huu uwape mapambazuko. Bikira Maria wa Lurdi, utuombee. Amina.

Nawatakia juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo.

Ni mimi, Paroko wenu.